Kamba ya nguo yafichua siri ya mawimbi

Jumamosi ya juma lililopita binti ya dada yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alinijia na daftari la fizikia mkononi, uso umemkunjamana. "Mjomba," akaniambia, "somo hili mimi naliacha. Mwalimu anasema wimbi linasafiri lakini maji hayasafiri. Sasa kinachosafiri ni nini?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikajikuta sina jibu. Mimi mwenyewe niliyapita mawimbi shuleni kwa kukariri: kasi ni frikwensi mara urefu wa wimbi, basi. Bila shaka wengi wenu wazazi mlipita njia iyo hiyo. Lakini swali la msichana lilikuwa la haki, na anayeuliza swali la haki hafai kuambiwa akakariri.

Tukatoka nje, tukafungua ncha moja ya kamba ya kuanikia nguo na kuiacha ya pili imefungwa kwenye nguzo. Katikati tukabana kibanio chekundu cha nguo. Nawe jaribu leo jioni, nguo zikishakauka. Ivute kamba kidogo, kisha urushe mkono juu na chini mara moja tu. Utaona kijilima kikikimbia hadi kwenye nguzo. Lakini mtazame kibanio! Kitapanda, kitashuka, kisha kitatulia pale pale kilipokuwa. Hakitasogea hata inchi moja kuielekea nguzo. Hata hivyo, aliyeishika kamba upande ule atahisi mtikiso kiganjani mwake. Kuna kitu kimemfikia, nacho ni kawi ya mkono wako. Kamba imekuwa tarishi tu: imepokea kawi na kuipitisha mbele.

Baharini mambo ni hayo hayo. Kifuu cha nazi kinachoelea mbali na ufuo hupanda na kushuka huku wimbi likipita chini yake, kisha hurudi karibu na pale kilipokuwa, ila upepo au mkondo ukikisukuma. Ni ufuoni tu, pale wimbi linapovunjika, ndipo maji yenyewe hurushwa mchangani na kuwalowesha viatu wageni wa kutoka bara.

Sasa usirushe mkono mara moja. Upandishe na kuushusha bila kukoma, kwa mwendo ule ule, kama pembea iendavyo na kurudi. Kamba itajaa vilele na mabonde yanayofuatana kwa mpango, umbo lile la saini ambalo wanafunzi hulichora katika hisabati. Hilo ndilo wimbi la hamoniki. Umbali kutoka kilele hadi kilele ni urefu wa wimbi, na idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja ni frikwensi.

Tuseme unatikisa mara mbili kwa sekunde na urefu wa wimbi ni meta mbili. Kasi basi ni meta nne kwa sekunde. Je, ukitikisa mara nne kwa sekunde, wimbi litakimbia mara dufu? Msichana wetu alisema ndiyo, na mimi nikamuunga mkono. La hasha! Kamba ikiwa imevutwa vile vile, kasi hubaki ile ile na mawimbi hufupika yakawa ya meta moja. Kasi haitokani na mkono. Hutokana na kamba: jinsi ilivyokazwa, na uzito wake.

(Wazee waliokesha na redio watakumbuka mtangazaji akitaja "masafa mafupi, meta 49". Hizo meta ndizo urefu wa wimbi. Wengi walidhani masafa mafupi ni matangazo yasiyofika mbali, kumbe ndiyo yaliyovuka bahari na mabara!)

Hapo ndipo nilipomkumbusha jambo lililotokea kabla hajazaliwa. Mnamo Desemba 26, 2004, kama saa kumi alfajiri kwa saa za Kenya, sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 9.1. Sakafu hiyo ilikuwa kama mkono wetu, na Bahari Hindi ikawa kamba. Wimbi la tsunami ni refu mno, mamia ya kilomita kutoka kilele hadi kilele, hata kina chote cha bahari hushiriki. Kwa hivyo kina ndicho huamua kasi. Mwanafunzi, chukua kalamu: zidisha kina kwa 9.8, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwa kina cha meta 4,000 utapata meta 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Hiyo ni kasi ya ndege! Na bado setilaiti iliyopita juu ya bahari saa mbili baada ya tetemeko ilipima wimbi la kimo cha kama sentimeta 60 tu. Baharia aliye katikati ya bahari hangelitambua.

Likifika kwenye kina cha meta 10, kasi hushuka hadi kilomita 36 hivi kwa saa. Sehemu ya mbele imepunguza mwendo, ya nyuma bado inakuja mbio. Wimbi hujibana, likawa fupi na refu kwenda juu, na kawi iliyotawanyika kwenye kina kirefu husongamana ufuoni.

Kutoka Sumatra hadi pwani yetu ni kiasi cha kilomita 6,000. Wimbi lilichukua muda wa saa nane hivi. Saa hizo zilitosha habari kutufikia, na Jumapili hiyo askari waliwaondoa watu kwenye fuo za Mombasa katikati ya shamrashamra za Krismasi. Kenya ilimpoteza mtu mmoja. Somalia, ambako wavuvi hawakupata onyo, ilipoteza watu karibu 300.

Kule Phuket, Thailand, msichana Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa ufuoni na wazazi wake. Majuma mawili tu kabla ya hapo alikuwa amefunzwa tsunami katika somo la jiografia. Alipoona maji yakitoa povu na kuzidi kupanda bila kurudi nyuma, aliwapigia wazazi kelele hadi watu wapatao 100 wakakimbia. Ufuo huo haukupoteza mtu.

Binti ya dada yangu alisikiliza, kisha akarudi kwenye kamba bila kusema neno. Akarusha mkono mara moja, akatazama, akarusha tena.

"Mjomba, kijilima kikigonga nguzo kinarudi. Lakini kinarudi kimepinduka, kiko chini ya kamba. Kwa nini?"

Nilimwambia aandike swali hilo daftarini ampelekee mwalimu Jumatatu. Daftari amelibeba, na sijasikia tena habari za kuacha fizikia.