Baiti tatu na alama za kazi ya kompaila

Leo nina neno na walimu wa somo la kompaila.

Mnaijua ile kazi ya mwisho wa muhula: kompaila yako ikishatoa baitikodi ya Java, unaipitia kwa dirisha dogo, amri tatu nne kwa wakati mmoja, na ukiona mpangilio wa kipuuzi unauandika upya. William McKeeman aliieleza mbinu hii mwaka 1965 na bado inafundishwa. Kuongeza 5 kwenye kigeu, kwa mfano, ni iload_1, iconst_5, iadd, istore_1. Baiti nne. Weka iinc 1 5 badala yake, baiti tatu. Tamu kweli!

Shida ni namna ya kutoa alama. Sisi tulishindanishwa kwa hesabu ya baiti pekee, mwenye faili dogo ndiye bingwa. Nikaandika kanuni ya iinc bila kuuliza namba ni kubwa kiasi gani. Kumbe iinc huibeba namba hiyo kwa baiti moja tu, -128 hadi 127. Programu moja ilikuwa inaongeza 200, kwangu ikawa -56. Kaunta ikarudi nyuma, skrini ikajaa namba hasi, nami usiku kucha nalaumu JVM! (Ipo wide iinc, lakini hiyo ni baiti sita, sawa na zile amri nne zikibeba 200. Faida sufuri.)

Jirani yangu maabara aligeuza kugawanya kwa 2 kuwa ishr. Katika Java, -1 / 2 ni 0, lakini ishr inatoa -1. Majaribio hayakuwa na namba hasi hata moja, akapata alama zote.

Mimi ningedai kila kanuni ije na maelezo: inafaa lini, kwa nini haibadilishi jibu, na itakuwaje kama kuna goto inayotua katikati ya dirisha. Asiyeeleza asipewe kitu, hata akipunguza nusu ya faili. Mtasema kasi. Kasi gani jamani? HotSpot huzitafsiri upya sehemu zinazotumika sana kuwa lugha ya mashine, na baiti zako tatu hazionekani tena.

Kama unafundisha somo hili, muhula ujao tia -1 na 200 kwenye majaribio. Halafu uniambie wamebaki wangapi.