Kubofya "Ruhusu" Si Kukubali: Kompyuta Tunazotumia na Majina Yetu



Leo tunaongea habari ya kompyuta. Simu tumeisikia sana. Kila semina ya usalama wa mtandao tunayokaa ni simu tu: usimpe mtu PIN yako ya pesa za simu, usibofye linki usiyoijua, weka paswedi ngumu. Sawa, ni maneno ya kweli. Lakini jamani, majina yetu hayakai kwenye simu zetu peke yake. Atesteshoni ya familia inaskaniwa kwenye kompyuta ya duka la steshonari pale Arua au Koboko. CV inachapwa hapo hapo. Maombi ya skolashipu yanatumwa kutoka kompyuta ya kituo cha vijana. Orodha ya watu wa kupewa sabuni, mbegu au pesa taslimu iko kwenye laptopu ya afisa wa mradi, ndani ya faili ya Excel.

Msimamo wetu ni huu: kompyuta hizo ni mlango mkubwa wa data zetu, mlango huo uko wazi, na wa kwanza kuufunga ni mwenye kompyuta, siyo mkimbizi.

Simu inauliza, kompyuta inanyamaza

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanya kazi. Tangu Android 6 ilipotoka mwaka 2015, programu ya simu ikitaka kamera, maikrofoni au namba za marafiki zako, inabidi iombe pale pale, na wewe unaweza kukataa. Tena kila programu inafungiwa chumba chake. Programu ya tochi haiwezi kusoma meseji zako kimya kimya.

Windows ilizaliwa na mawazo mengine. Programu ya kawaida, ile unayoichukua kwa rafiki kwenye flashi, inafanya kazi kwa nguvu zote za mtu aliyeifungua. Faili unayoweza kuifungua wewe, nayo inaweza. Kwa hiyo geimu ya bure, au kile kijiprogramu cha kugeuza PDF kuwa Word, kinaweza kusoma skani zote zilizoachwa kwenye Downloads na kuzituma nje bila kuuliza neno.

Windows 10 na 11 zina sehemu ya faragha yenye swichi za kamera na maikrofoni. Ni jambo zuri. Ila kwa programu hizi za kawaida swichi ni moja kwa zote: ukiiwasha kwa ajili ya Zoom, umeiwasha kwa wenzake wote. Na Microsoft wenyewe wanasema baadhi ya programu hizo huenda zisionekane kwenye orodha wala zisiguswe na swichi hiyo.

Mtu atasema, basi watu wa ofisi wanunue Mac. Ni kweli Mac inauliza. Tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, programu lazima iombe kabla ya kushika kamera au maikrofoni, na mwaka uliofuata ikaongezwa ruhusa ya kurekodi skrini. Lakini Agosti 2024 watafiti wa Cisco Talos walitangaza matundu 8 katika programu za Microsoft za Mac, zikiwemo Word, Excel, Outlook na Teams. Mchezo wenyewe ni hivi: mshambuliaji anaingiza msimbo wake ndani ya programu ambayo wewe umeshairuhusu, halafu msimbo huo unatumia ruhusa ile ile. Mac haiulizi tena, maana inaona ni Teams yako ya kila siku. Ni kama siku ya mgao mtu aazime koti la shirika na kupita getini. Askari wala hamuulizi, koti analijua. Microsoft walisema hatari yake ni ndogo. Walirekebisha Teams na OneNote, lakini ripoti ilipotoka, Word, Excel, Outlook na PowerPoint zilikuwa bado na matundu hayo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2021 Apple ililazimika kuziba tundu ambalo programu hasidi ya XCSSET ilikuwa ikilitumia kupiga picha za skrini kwa kujificha nyuma ya ruhusa ya programu nyingine. Kwa hiyo tusidanganyane: kompyuta kuuliza ni hatua, lakini haitoshi.

Usisahau pia viendelezi, vile vijiprogramu vinavyobandikwa kwenye Chrome. Vingi vinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote unazofungua. Zote, ndugu. Barua pepe imo, fomu ya skolashipu imo.

"Nani anataka data za mkimbizi?"

Hili swali tunaulizwa sana, hata na wakimbizi wenzetu. Ati huna pesa, huna nyumba, nani ahangaike na faili yako?

Jibu la kwanza ni matapeli. Huduma za UNHCR ni za bure, na kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi. Lakini tapeli akikupigia akiwa na jina lako kamili, namba ya usajili, idadi ya watoto na kijiji unachotoka, utamwamini haraka kuliko yule anayebahatisha. Skani moja iliyoachwa kwenye kompyuta ya duka inatosha kumpa yote hayo.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wengi wetu tulitoka Kongo na Sudan Kusini tukiwakimbia watu wenye majina na bunduki. Orodha inayoonyesha nani anaishi wapi, na ndugu gani wamebaki nyumbani, kwao ni ramani.

Na jibu la tatu ni kwamba jambo hili limeshatokea. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zake zilivamiwa. Data za watu zaidi ya 515,000 ziliguswa: waliotenganishwa na familia kwa vita, waliopotea na jamaa zao, watu walio kizuizini. Zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakagunduliwa tarehe 18 Januari 2022, siku 70 baadaye. Waliingilia kwenye tundu la programu moja ambayo masahihisho yake yalikuwa yameshatoka lakini hayajawekwa kwenye seva hizo. Msalaba Mwekundu walilieleza hilo wenyewe hadharani, na tunawaheshimu kwa hilo. Lakini tuulizane: kama shirika kubwa namna hiyo lilichelewa sasisho moja likapatwa hivyo, je, laptopu ya mradi mdogo ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe?

Alama za vidole hazina paswedi mpya

Mwaka 2018, kuanzia Machi hadi Oktoba, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walituhakiki upya Uganda nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Hesabu ikashuka kutoka watu kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Hatupingi kuhesabiwa. Mgao wa haki unahitaji hesabu ya haki. Lakini paswedi ikiibiwa unaibadilisha jioni hiyo hiyo. Kidole huwezi.

Hapa ndipo tunapotaka kutofautisha maneno mawili. Ruhusa ni kile kitufe unachobofya ili mambo yaendelee. Idhini ni kuelewa unachokubali na kuweza kusema hapana bila kuadhibiwa. Mama aliyesimama kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, akiambiwa "weka kidole hapa, saini hapa," ametoa ruhusa. Kama hakuambiwa data zitakaa wapi na nani atazisoma, idhini hajatoa. Ni sawa na kijana anayebofya "Ruhusu" kwa sababu programu haifunguki bila hivyo.

Na siyo sisi tu tunaosema. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Inataka mtu aelezwe sababu kabla data zake hazijachukuliwa, inampa haki ya kuuliza ni nini kinachohifadhiwa juu yake, na inamtaka anayezishika azilinde. Inamgusa kila anayekusanya data ndani ya Uganda. Haisemi ni data za raia tu. Kuna Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi chini ya NITA-U inayopokea malalamiko. UNHCR nao wana sera yao ya kulinda data za wakimbizi tangu mwaka 2015. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni karatasi hizo kufika kwenye laptopu ya afisa wa kata ya Lobule.

Tunachoomba

Kwa mashirika: kila mfanyakazi awe na akaunti yake kwenye kompyuta, ya kawaida, siyo ya msimamizi, ili programu mbovu isipate nguvu zote. Diski zifungwe kwa usimbaji, laptopu ikiibiwa njiani kutoka Koboko mwizi apate chuma tu. Orodha zetu zisikae kwenye flashi wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mradi ukiisha, faili ifutwe, na tuambiwe imefutwa.

Kwa vituo vya vijana: acheni programu za kukreki. Anayevunja kufuli ya Word ili uitumie bure anaweza kuwa ameongeza na kitu chake humo. LibreOffice ni ya bure na halali, CV inatoka vizuri tu. Na kumbukeni Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Tunajua mtajibu: masasisho yanakula bando, na MB ni pesa. Ni kweli, ndiyo maana wengi huiambia Windows kwamba intaneti yao ni ya kupimwa ili isishushe chochote. Lakini Windows inaweza kushusha sasisho kwa mashine moja na nyingine zikalichukua kwake ndani ya jengo. Bajeti ya mafunzo ikipata chai na soda, bando la sasisho la mwezi halishindikani.

Kwa wenye maduka ya steshonari, kaka na dada zetu: mteja akishachapisha, mfutieni faili mbele yake, na mmwage pipa la takataka la kompyuta. Haichukui dakika. Mteja atarudi kwenu.

Na sisi vijana, hatukai mikono mitupu. Ukifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya watu, ingia kwenye simu yako sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uitoe kabla hujaondoka, la sivyo meseji zako zinaendelea kuingia pale. Kivinjari kikikuuliza kihifadhi paswedi, kataa. Kama una laptopu, fungua sehemu ya faragha uone ni programu gani ilitumia maikrofoni mara ya mwisho na lini. Ukiona usiyoijua, iondoe.

Lakini tunarudia, mzigo usiwekwe wote kichwani mwa mkimbizi. Huwezi kumfundisha mzee kulinda kompyuta ambayo hajawahi kuigusa wala hajui ina jina lake. Kwa hiyo mara nyingine mtakapoandikwa, ulizeni kwa heshima maswali matatu: data hizi zinakaa kwenye kompyuta gani, nani anaweza kuifungua, na zitafutwa lini? Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mkiulizwa msikasirike. Jibuni. Na kama jibu hamnalo, litafuteni kabla ya foleni ya siku inayofuata.

Mshirikishe mwenzako.