Elfu kumi kwa gemu moja, na bado si yako

Toa simu, fungua kikokotoo. Dola 80, kwa kiwango cha karibu Sh129 kwa dola, ni zaidi ya Sh10,300. Hiyo ndiyo bei ambayo Nintendo iliibandika Mario Kart World ilipozindua konsoli ya Switch 2 mnamo Juni 2025. Gemu moja tu. Konsoli yenyewe ilikuwa dola 450, na hiyo ni hesabu ya kulilia kando. Kuna mitaa hapa Nairobi ambako elfu kumi ni kodi ya bedsita mwezi mzima, na ukibahatika unabaki na chenji ya tokeni za stima.

Usijifariji eti hayo ni mambo ya Nintendo na wewe ni mtu wa PS. Bei hizi hufuatana kama matatu za ruti moja. Ikipandisha moja, zingine zinachungulia kuona kama abiria wameshuka. Tangu enzi za Xbox 360, huko 2005, gemu kubwa mpya ilikuwa dola 60. Mwaka wa 2020, PS5 na Xbox mpya zilipotoka, ikawa 70. Mei 2025 Microsoft ikasema baadhi ya gemu zake mpya zitauzwa dola 80, na The Outer Worlds 2 ikawa ya kwanza kutajwa kwa bei hiyo. Watu wakapiga kelele, na Julai ikashushwa tena hadi 70. Kampuni ilirudi hatua moja, lakini mlango umeshapimwa.

Utetezi wao, kusema kweli, si wa kutupwa. Dola 60 za mwaka 2006, ukizipima kwa mfumuko wa bei wa Marekani, ni zaidi ya dola 90 za leo. Kwa hesabu hiyo gemu ya 80 ni nafuu kuliko ile uliyoicheza ukiwa darasa la tatu. Gharama za kutengeneza nazo zimepaa. Nyaraka za studio ya Insomniac, zilizovujishwa na wadukuzi Desemba 2023, zilionyesha kwamba Marvel's Spider-Man 2 ilimeza takriban dola milioni 300. Hapo sibishani. Mamia ya watu wakifanya kazi miaka kadhaa, walipwe.

Ubishi wangu uko kwingine. Mkate wa gramu 400 ukipanda bei na ukabaki gramu 400, unalalamika kidogo kisha unanunua. Ukipanda bei na pia ukapunguzwa hadi gramu 350, hapo unapigwa mara mbili. Gemu zimefanyiwa hiyo ya pili, ila kilichopunguzwa hukioni kwenye skrini. Picha ni safi kuliko wakati wowote. Kilichokatwa ni kile unachoruhusiwa kufanya na gemu baada ya kulipa.

Angalia vile watu wetu hununua. Wachache sana hutoa elfu tisa wakizihesabu kuwa pesa zilizoliwa. Unachukua CD mpya ya PS5, unaicheza wiki sita, unaimaliza, kisha unaitangaza mtandaoni au unaipeleka kwa wauzaji wa tao, kule Luthuli na Moi Avenue. Tuseme ulinunua elfu tisa na ukauza elfu sita. Gemu hiyo imekugharimu elfu tatu. Msee aliyeichukua kwako ataiuza elfu nne na mia tano, kwa hivyo yeye amecheza kwa elfu moja na mia tano. Wa tatu anaweza kuwa binamu yako, ameazimwa, hajalipa hata ndururu. Mimi chuo niliacha kabla ya mwaka wa pili kuisha, lakini hesabu hii haihitaji digrii ya uchumi: bei ya kweli ni ile ya kuingia ukitoa ile ya kutoka.

Gemu ya kupakua haina bei ya kutoka. Huwezi kuiuza, huwezi kumwazima jirani, huwezi kuitoa kama dhamana ukikopa thao mbili za dharura. Na bado siku inapotoka, kwenye duka la PlayStation inauzwa dola 70 zile zile za CD. Kwa hivyo ukilinganisha vizuri, hao wawili hawajalipa sawa. Mmoja amelipa elfu tatu, mwingine elfu tisa, kwa gemu moja.

Huko Ulaya, Nintendo wenyewe walikiri jambo hili bila kutaka. Mario Kart World ya kupakua iliwekwa euro 80, ile ya kadi euro 90. Yaani plastiki ina thamani, na wanajua. Tofauti ya euro kumi tu ndiyo inayonichekesha.

Wanaoelewa hesabu hii kuliko wote ni wenye mabanda ya PS mtaani. Kule mechi moja ni mbao, na CD inazunguka kutoka asubuhi hadi usiku. Chukua FIFA 23. Mkataba wa EA na FIFA ulikuwa umekwisha, na Septemba 2023, EA Sports FC 24 ikikaribia kutoka, gemu za FIFA za awali ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa ameshainunua aliendelea kuipakua kwenye akaunti yake. Ambaye hakuwa ameinunua akafungiwa nje. Lakini CD ya FIFA 23 haikusikia tangazo hilo. Inauzwa, inabadilishwa, inapigwa vumbi na kitambaa cha fulana, inawaka. Banda ambalo haliwezi kumudu toleo jipya kila Septemba linaishi kwa CD za jana.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo mtu wa London halijui. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambako PlayStation Network imefunguliwa rasmi. Kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini peke yake. Ndiyo maana akaunti yako inasema unaishi Texas, au Johannesburg, na pesa unaingiza kwa kadi za zawadi ulizonunua kwa dalali. Kila mtu anafanya hivyo na hakuna anayeshtuka. Ila hebu fikiria: una gemu za laki moja, na mwenye nazo kwenye karatasi ni mtu anayekaa kwa anwani usiyowahi kufika. Kampuni ikiamua siku moja kukagua, utajieleza vipi?

Usidhani hiyo ni hofu ya bure. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PSN. Gemu ikaondolewa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma hiyo. Watu walichacha mpaka Sony ikalifuta sharti lenyewe. Lakini tulionyeshwa ramani, na tukaona sisi tuko upande gani.

Basi unaponunua gemu ya kupakua, unapata nini? Leseni. Ruhusa ya kucheza, yenye masharti ambayo hukuyasoma na mimi pia sikuyasoma. California imelazimisha jambo hili lisemwe waziwazi: sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza Januari 2025 inakataza maduka ya dijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anapewa leseni. Steam haikungoja Januari. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imeshaweka maneno hayo kwenye ukurasa wa malipo. Watu walikasirika wakidhani sheria imewanyang'anya kitu, kumbe imewaonyesha tu walichokuwa wakisaini miaka yote.

Ufaransa walijaribu kwenda mbali zaidi. Chama cha watetezi wa wateja, UFC-Que Choisir, kiliishtaki Valve, wenye Steam, na mwaka 2019 mahakama moja ya Paris ikaamua kwamba mteja ana haki ya kuuza gemu yake ya kupakua akiichoka. Kwa muda mfupi ilionekana Luthuli ya mtandaoni inakuja. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Nashuku tungekuwa tunaongea bei nyingine kabisa leo kama ungesimama.

Halafu kuna The Crew, ambayo inavuruga hata hoja yangu ya CD. Ubisoft iliitoa Desemba 2014. Ni gemu ya magari, na sehemu kubwa ungeicheza peke yako bila kumsumbua mtu, lakini ilijengwa iwe inawasiliana na seva kila wakati. Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Aliyeipakua akapoteza, na mwenye CD akabaki na kioo cha kujitazama. Haikuwasaidia kwamba miezi miwili kabla ya hapo mkurugenzi mmoja wa Ubisoft alikuwa amesema wachezaji watahitaji kuzoea kutomiliki gemu zao. Kutokana na hasira ya The Crew, Mmarekani mmoja wa YouTube, Ross Scott, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja. Hawadai seva ziwashwe milele. Wanadai gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kampuni kuondoka. Sioni ubaya wowote hapo.

Kwa hivyo CD si hirizi. Kinachohesabika ni kama gemu inaweza kuwaka bila kuomba ruhusa, na siku hizi hata kasha linaweza kukudanganya. Nintendo imeleta kadi za Switch 2 ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu. Unachomeka kadi, kisha unapakua gemu yote. Angalau kadi hizo unaweza kuziuza, hiyo nawapa. Mei 2025 Doom: The Dark Ages ilikuja kwa PS5 ikiwa na diski yenye takriban MB 85 za data, gemu yenyewe uipakue. MB 85! Hiyo ni video ya WhatsApp ya harusi. Wewe uliyenunua CD kwa sababu huna waifai ya nyumbani, utafanya nini na gemu ya makumi ya GB kwa bando za simu? Hapo bei ya gemu inaongezewa bei nyingine ambayo haikuandikwa popote.

Na mashine zenyewe zinaelekea huko. PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 700, haina sehemu ya kuingiza diski. Ukiitaka unainunua kando, dola 80 zingine. Ukimiliki mashine isiyo na tundu la diski, duka lako ni moja tu, na mwenye duka hilo ndiye aliyekuuzia mashine. Soko la mitumba halina pa kuingilia.

Najua kuna mtu wa kompyuta anasoma hapa akicheka, maana yeye hajagusa CD kwa miaka kumi na hajafa. Ana hoja. Steam ikiweka ofa, gemu ya elfu saba unaipata kwa elfu moja na kitu, na kwa pesa hizo mimi pia sihitaji haki ya kuiuza. GOG hata inakupa faili ya kusakinisha uiweke kwenye hard disk yako, na hakuna atakayekuuliza chochote baadaye. (Wale wa gemu za kuchoma na za kuvunja kufuli, nawajua, nimewaona, leo tuyaache.) CD nazo hukwaruzika, huibwa, huazimwa na watu wanaohama mtaa. Dijitali ina raha yake. Lakini raha ya kukodi ilipiwe bei ya kukodi.

Msimamo wangu basi ni huu. Elfu tisa au kumi natoa kwa kitu ninachoweza kukiuza kesho. Kikiwa leseni, nangoja ofa hata mwaka mzima, na kama gemu haichezeki bila seva, naihesabu kama tiketi ya sinema. Ukiniambia ni roho mbaya, sawa, lakini angalia mpesa yako kwanza.

Kwa upande wa sheria, Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Wakili mwenye mtoto anayecheza gemu anaweza kuanzia hapo. Wakati tunamngoja, ukienda tao wikendi hii muulize muuzaji maswali mawili kabla hujatuma pesa: gemu iko ndani ya hii CD au ni ya kupakua, na nikiirudisha baada ya miezi miwili utanipa ngapi? Akisitasita kwa la kwanza, geuza kasha mwenyewe usome maandishi madogo. Akisitasita kwa la pili, duka la pili liko hatua kumi kutoka hapo.