Kamera Isidharau Kauli ya Mama

Kujua wananchi wanakula nini ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kwa miaka mingi wataalamu wa lishe wametegemea zaidi njia moja, nayo ni kumwuliza mama alikula nini jana, yeye na mtoto wake, tangu alipoamka hadi alipolala. Majibu ya namna hiyo hujumlishwa yakawa takwimu, na takwimu ndizo zinazoongoza mipango ya lishe.

Njia hiyo ina kasoro zake. Mtu husahau muwa alioutafuna shambani au ndizi aliyopewa kwa jirani. Mwingine huona haya kutamka kwamba alilala na uji mtupu. Ndiyo maana wataalamu wameanza kutumia kamera ndogo ya kuvaliwa mwilini, ambayo hupiga picha yenyewe kila baada ya muda mfupi. Baadaye mama na mtafiti huzitazama picha hizo pamoja, na mama hueleza kilicholiwa.

Jirani zetu wa Uganda wamekwisha kuijaribu. Akina mama 211 wa vijijini mashariki mwa nchi hiyo, wenye watoto wa miezi 12 hadi 23, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Watafiti waliilinganisha kamera na kauli ya mama, na zote mbili wakazilinganisha na chakula kilichoshuhudiwa na kupimwa kwa mizani siku ile ile. Matokeo yake yanafundisha. Kwa kundi zima, njia zote mbili zilikaribia ukweli kuhusu idadi ya aina za vyakula vilivyoliwa. Kwa mtu mmoja mmoja, zote mbili ziliweza kukosea sana. Kamera haikuishinda kauli ya mama.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Bomani, na wa Tarime na Serengeti kwa jumla. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Huku kwetu kuna mahindi, mihogo, mtama, ndizi na maziwa, na dagaa wa Ziwa Viktoria huuzwa sokoni. Swali kubwa, basi, ni nani nyumbani amepata kitoweo, na kiasi gani. Hapo ndipo kamera inapokwama. Watu wakila sinia moja, picha haionyeshi wazi kila mmoja amechota kiasi gani. Katika jiko lenye moshi na giza, picha huwa nyeusi.

Zaidi ya hayo, kamera haichagui cha kutazama. Humwona mgonjwa aliyelala, mtoto anayeogeshwa na mkwe anayepita uani. Mama aliyekubali kuivaa hawezi kukubali kwa niaba ya hao wote. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haina budi kuheshimiwa hata jikoni.

Hatupingi sayansi. Ni maoni yetu kwamba endapo chombo hicho kitaletwa huku, mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, kitumike pale tu ambapo maswali peke yake hayatoshi. Pili, ridhaa iombwe kwa nyumba nzima, na mama awe na haki ya kukizima na kufuta picha asizozitaka kabla mtafiti hajaziona. Tatu, matokeo yarudishwe kwa waliopimwa, katika mkutano wa mtaa au wa kijiji na katika kliniki, kwa lugha wanayoielewa.

Wakati huo huo, tusikae tukisubiri kamera. Mhudumu wa afya anayebisha hodi leo na kumsikiliza mama bila haraka wala dharau atapata jibu lenye thamani. Wajibu wa viongozi na wataalamu ni kulifanyia kazi jibu hilo, kwani mtoto hakui kwa kupimwa, hukua kwa kula.