Madaktari wa mifupa waende Bomet, lakini wakae

MTU akivunjika mguu jijini Nairobi, jamaa zake hubishana wampeleke hospitali ipi. Akivunjika katika mashamba ya majani chai ya Kericho au Bomet, swali huwa jingine: atatolewaje mtaroni, na nani atalipia gari?

Huko barabara nyingi ni za kupanda na kushuka, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Bodaboda hupakia abiria wawili pamoja na gunia la majani chai, kisha ikateleza penye kona. Mfupa wa paja ukivunjika, nyumba nzima huyumba, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa kilo, na asiyeweza kusimama mteremkoni hana kilo za kupima. Sijataja zile ajali kubwa zinazotangazwa redioni, kama ya basi kule Fort Ternan mnamo Oktoba 2018 na ile ya Londiani mnamo Juni 2023, ambazo kila moja iliua watu zaidi ya 50. Waliokufa walihesabiwa. Waliovunjika mifupa tuliwasahau upesi.

Wengine hupelekwa kwanza kwa fundi wa kienyeji, ambaye huufunga mguu kwa vibao na kamba. Simlaumu sana, maana yeye yuko karibu na hospitali iko mbali. Lakini kamba ikikazwa kupita kiasi damu haifiki wayoni, na mguu ambao ungepona huishia kukatwa.

Hospitali ya Tenwek, iliyo karibu na mji wa Bomet, ilianzishwa na wamishonari katika miaka ya 1930. Daktari wake wa kwanza, Mmarekani Ernest Steury, alifika mwaka wa 1959, na kwa miaka kadhaa hakuwa na mwenzake. Leo pana kikosi cha upasuaji wa mifupa, na madaktari wa Kiafrika husomea kazi hiyo papo hapo.

Hapo zamani paja lililovunjika lilimlaza mtu kitandani wiki sita au zaidi, mguu ukivutwa kwa kamba na mawe ya uzito. Siku hizi Tenwek ni miongoni mwa hospitali zinazotumia msumari wa chuma unaotolewa na shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1999 na Dkt Lewis Zirkle. Msumari huo hupitishwa katikati ya mfupa na kukazwa kwa skrubu. Kifaa maalumu kinachobaki nje ya mguu humwonyesha daktari pa kutoboa, hivyo hahitaji ile mashine ghali ya eksirei inayoonyesha mfupa wakati upasuaji ukiendelea. Mgonjwa huweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache.

Hapa ndipo ningependa madaktari vijana wanisikilize, na wageni wanaotoka ng'ambo pia. Msumari haufanyi kazi peke yake. Yupo anayetoa dawa ya nusukaputi, anayechemsha vyombo, fundi wa plasta, muuguzi wa wodi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Daktari mpya mwenye busara atamuuliza yule fundi wa plasta mambo mengi kabla ya kumwamuru lolote.

Kuna desturi ya madaktari kuja kwa wiki mbili, wakapasua watu wengi na kwenda zao. Msaada huo sio wa kudharauliwa, hasa wodi ikiwa imefurika. Hata hivyo usaha ulio ndani kabisa ya mfupa waweza kujitokeza baada ya wiki kadhaa, na mfupa uliokataa kuunga hujulikana baada ya miezi. Wakati huo mgeni amekwisha kurudi kwao, akiamini kwamba wote walipona. Atajifunzaje basi?

Shirika la SIGN lina kipimo ninachokipenda. Miezi kadhaa baada ya upasuaji, mgonjwa huambiwa achutame mbele ya kamera, na picha yake huwekwa katika kumbukumbu pamoja na zile za eksirei. Msomaji wa mjini huenda akacheka. Lakini asiyeweza kuchutama hawezi kupalilia vizuri, na choo cha shimo kwake ni mateso ya kila siku.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kericho na Bomet ziwape madaktari wa mifupa nyumba na mshahara unaofika kwa wakati, na mkataba usiopungua miaka miwili. Anayetaka kuja kwa muda mfupi aje kumfundisha aliyeko, kisha amwachie wagonjwa wenye majina, tarehe na picha, ili siku ya kuchutama ikifika pawe na daktari anayejua mguu huo ulipasuliwa vipi.