Mgeni njoo, mwenyeji apone



Mpendwa msomaji, ipo miji ambayo mgeni huizunguka wiki nzima asiimalize. Valletta, mji mkuu wa Malta, si mmoja wao. Eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba. Umekaa juu ya rasi nyembamba, bandari upande huu na bandari upande ule. Kutoka lango la mji hadi Ngome ya Mtakatifu Elmo ni mwendo wa miguu wa dakika 20 hivi. Hata sikio la Mswahili halioni ugeni mkubwa, kwa kuwa Kimalta kina asili ya Kiarabu: bahari ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb. Wakatoliki wa huko wanaposali, humwita Mungu Alla.

Mji huo ulianza kujengwa mwaka 1566 na watawa askari wa Shirika la Mtakatifu Yohane, baada ya kisiwa kunusurika na mazingira ya jeshi la Waturuki mwaka 1565. Watawa hao walijenga hospitali kubwa, wakawahudumia wagonjwa kwa vyombo vya fedha, kwa kuwa kwao mgonjwa alikuwa bwana. Lakini katika bandari hiyo hiyo, merikebu zao zilipigwa makasia na watumwa. Mkono mmoja ulimlisha Kristo, mwingine ulimfunga minyororo.

Ndiyo maana katika mji huo napenda zaidi kumkumbuka mgeni aliyefika Malta karne nyingi kabla yake. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28, kinasimulia jinsi merikebu yenye watu 276 ilivyovunjika, na wote wakafika pwani salama. Miongoni mwao alikuwamo Paulo, mfungwa akipelekwa Roma. Mvua ilinyesha, kulikuwa na baridi. Wenyeji waliwasha moto, wakawakaribisha wote. Hawakutenga kwanza mfungwa, askari na baharia.

Tena Paulo hakukaa tu akiota moto. Aliokota kuni. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alilishika siku ya kwanza. Nyoka alipomng'ang'ania mkononi, watu walimdhania muuaji. Hata wakarimu hushikwa na hofu. Lakini hawakumfukuza. Publio, mkuu wa kisiwa, aliwakaribisha kwa siku tatu, na baba yake aliyekuwa na homa na kuhara damu akaponywa kwa sala ya Paulo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangemrudisha baharini, mzee yule angeponywa na nani?

Leo meli kubwa za kitalii zinatia nanga Valletta, na abiria wake wanapokewa kwa tabasamu. Katika bahari hiyo hiyo, watu wanaokimbia vita na umaskini, wengi wao Waafrika wenzetu, wanasafiri kwa mashua dhaifu, na maelfu wamezama. Baba Mtakatifu Fransisko alipoitembelea Malta mwezi Aprili 2022, alikwenda pia kukutana na wahamiaji.

Tusiwanyooshee Wazungu kidole tu. Nasi tuna bandari na stendi za mabasi. Mtalii tunamkimbilia kumbebea begi. Kijana aliyetoka kijijini bila nauli ya kurudi tunamwita mwizi kabla hajafungua kinywa. Serikali zina wajibu wa kulinda mipaka, wala tahadhari si dhambi. Lakini moto huwashwa kwanza, maswali hufuata. Siku ya hukumu, katika Mathayo 25, Bwana hataulizia pasi ya mgeni. Ataulizia kama tulimkaribisha.

Jumapili ya leo, kabla hujafunga mlango, tazama ni nani amesimama nje akitetemeka. Huenda dawa ya mgonjwa wako anayo yeye.