Acheni kukariri, kateni maneno

Wadau, leo nina neno na Wabongo wenzangu mnaofika huku Uingereza na kuanza kukariri Kiingereza neno moja moja kama mnahesabu punje za mchele. Mtu ana daftari zima: "import" ukurasa wa kwanza, "export" wa tano, "deport" huko mwishoni. Kujitesa bure! Na baadhi ya walimu wa madarasa ya jioni wanachangia, wanagawa orodha bila kuonyesha kwamba hayo maneno ni ndugu.

Hebu tazameni. Hilo "port" limetoka kwenye Kilatini, portare, yaani kubeba. (Neno letu kabisa hilo sisi wabeba maboksi.) Kinachobadilika ni kiambishi cha mbele. Ukiweka "im" unaingiza ndani, "ex" unatoa nje, "trans" unavusha ng'ambo. "Report" ni kurudisha habari. "Support" asili yake ni kubeba kutokea chini, kama unavyomshikia mwenzio gunia lisianguke. Na "deport", neno linalowanyima watu usingizi huku, ni kubebwa ukaondolewa. Ukishajua hivyo, siku barua ya uhamiaji ikija na neno geni, angalau una pa kuanzia. Barua zile zina tarehe ya mwisho ya kujibu, hazikusubiri utafute mtu wa kukutafsiria.

Tena sisi ndio tulitakiwa tulione hili kabla ya wengine. Mswahili, Kiswahili, Uswahili, Uswahilini: shina moja, mbele tunabadilisha tunavyotaka. Mtoto wa miaka 4 pale Tandale anafanya hivyo bila kufundishwa. Kwa nini tukivuka bahari tujifanye hatujawahi kuona kitu kama hicho?

Ila mitego ipo. "Port" ya "passport" siyo hii ya kubeba, ni ya bandari, imepitia Kifaransa. Mtego mbaya zaidi ni "inflammable". Ukiichukulia "in" kuwa ya kukanusha, kama ile ya "invisible", utasema kitu hicho hakishiki moto. Kumbe kinashika upesi! "In" hiyo ni ya kutia, kutia moto. Ndiyo maana Marekani wataalamu wa kinga ya moto walianza kuhimiza miaka ya 1920 kwamba iandikwe "flammable" tu. Lakini ile ya zamani bado ipo. Kwa hiyo wewe wa ghalani, ukiikuta kwenye dumu, sigara yako kaivutie mbali.